Kitu kwa Kitu

Kontena la kwanza lilifunguliwa saa nne asubuhi, na aliyelifungua alirudi nyuma hatua tatu, akavua kofia, akatema mate. Alikuwa dereva wa kreni, mtu mzima aliyezeekea kazini, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akishtuka.

"Mama," alisema huku amejiziba pua kwa kofia yake, "humu kuna maiti."

Hapakuwa na maiti. Palikuwa na maboksi ya nyama ya kopo, yamepangwa vizuri toka sakafuni hadi juu, meupe pe, na kwenye kila boksi zimechapwa bendera mbili zilizopishana fimbo. Harufu ilitoka katikati yao taratibu, nzito, tamutamu, ikawaingia watu puani na kukaa.

Aliyeitwa Mama alikuwa mkuu wa ghala la chakula la jeshi, afisa mteule wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Kambi nzima ilimjua kwa jina la Mama Mizani. Hakuna gunia lililopita mlangoni kwake bila kupimwa, hata liwe limeletwa na nani. Madereva walimlaani kwa kuwachelewesha. Wapishi wa vikosi walimpenda, kwa sababu mchele uliotoka kwake haukuwa na mawe, na kilo mia zilikuwa kilo mia.

Shehena ile haikuwa imenunuliwa. Ilikuwa imerudishwa. Nchi yake na nchi nyingine, kubwa zaidi na yenye meli nyingi zaidi, zilikuwa na makubaliano ya kusaidiana ugavi. Kurasa zake zilikuwa thelathini na nane, lakini maana yake haikuwa ngumu. Jeshi la huku likiwa kwao na likapungukiwa chakula, mafuta au vipuri, wenyeji watalipatia mahitaji yake. Na la kwao likiwa huku, hivyo hivyo. Aliyepewa atarudisha kitu kilekile au kinacholingana nacho, ndani ya miaka miwili. Kanali wa ugavi aliwahi kuwakusanya watu wa maghala akawaeleza kwa maneno matatu tu: "Kitu kwa kitu."

Mama Mizani aliyaelewa mara moja na, kusema kweli, aliyapenda. Ndivyo majirani wanavyoishi. Leo nimekuazima unga, kesho umenirudishia unga, hakuna aliyepungukiwa.

Basi miaka miwili kasoro mwezi mmoja iliyopita, meli za wale wageni zilikuja kwa mazoezi ya pamoja, na meli yao ya chakula ikachelewa njiani. Mama Mizani akafungua ghala. Aliwapa maboksi elfu moja na mia mbili ya nyama ya ng'ombe ya kopo, mpya kabisa, ya kiwanda cha hukuhuku nyumbani. Ilimchukua siku sita kuikagua. Katika kila boksi alitoa kopo moja, akaligonga kwa kucha na kusikiliza, akalipiga muhuri wake wa zambarau, akalirudisha mahali pake. Kanali alimcheka siku ile. "Mama, unawapa nyama au unawaoza binti zako?"

Sasa malipo yalikuwa yamefika. Mama Mizani alifunga kitambaa usoni, akavaa glavu, akaingia ndani ya kontena. Msaidizi wake akamfuata nyuma, koplo mwembamba aliyeitwa Kalamu kwa sababu hakutembea bila kalamu sikioni.

Boksi la kwanza halikuwa na neno. La pili makopo mawili yalikuwa yamevimba. La tatu liliwapasukia mikononi, maana kitako chake kilikuwa kimelowa. Kopo moja lilikuwa limepasuka, na mchuzi mweusi umewatiririkia wenzake wote. Ndani ya ule mchuzi mlikuwa na vitu vyeupe vinavyojinyonganyonga. Kalamu aligeuka ukutani akatapika.

Mama Mizani hakutapika. Aliokota kopo moja lililolowa ili asome tarehe. Karatasi nyeupe iliyozungushiwa kopo ilisema litafaa kuliwa kwa miaka mitatu zaidi. Aliposugua kidogo kwa kidole gumba, ile karatasi ikateleza kama ngozi ya kidonda. Chini yake palikuwa na karatasi nyingine, ya kijani, yenye kichwa cha ng'ombe. Juu ya paji la uso la yule ng'ombe palikuwa na muhuri wa zambarau.

"Koplo," aliita. "Njoo unisomee hapa, macho yangu yasije yakanidanganya."

Kalamu alifuta mdomo akasogea. "Ghala namba saba," alisoma. "Imekaguliwa." Akatazama tena. "Mama, huu si muhuri wetu?"

"Ni mkono wangu huo."

Walifungua maboksi kumi na tisa siku ile, na yote yalikuwa hadithi moja. Wageni hawakuila ile nyama. Meli yao ya chakula ilipofika walikula vya kwao, na ya kuazima wakaitupa ndani ya makontena ya bati juani kwa karibu miaka miwili, hata muda wake ukapita. Ulipowadia wakati wa kurudisha, mtu mmoja mahali fulani alikaa kwenye kiti, akaagiza karatasi nyeupe na maboksi mapya, akapanga watu wabandike. Hilo ndilo lililomtia Mama Mizani kinyaa kuliko wale funza. Funza hajui afanyalo. Huyu aliyebandika alijua vizuri, na bado alihakikisha bendera zimechapwa zimenyooka.

Alilifunga kopo moja ndani ya mifuko mitatu ya plastiki, akaenda nalo ofisini kwa kanali.

Kanali wa ugavi alikuwa mtanashati wa kupigiwa mfano. Kombati zake zilipigwa pasi hadi zikakakamaa kama makaratasi, na ofisi yake ilikuwa baridi mwaka mzima. Ukutani palijaa picha zake akipeana mikono na wageni. Mama Mizani alipiga saluti, akaeleza, akaanza kufungua fundo la mfuko wa kwanza.

"Usifungue humu!" kanali alisema, kiti kikirudi nyuma chenyewe. "Nimeshaelewa."

"Basi, afande, naomba barua ya kukataa mzigo. Makontena yarudi yalikotoka."

Kanali alimtazama, kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeona jambo la kuchekesha ambalo wewe hujaliona. "Hebu tulifikirie hili. Walichukua nini?"

"Nyama, afande."

"Wamerudisha nini?"

"Nyama hiyohiyo. Imeoza."

"Hiyohiyo! Umesema mwenyewe. Mkataba unataka kitu kilekile au kinacholingana nacho. Kipi kinacholingana zaidi na kopo lako kuliko kopo lako lenye muhuri wako?"

"Afande, waliazima chakula. Wamerudisha uvundo."

"Chagua maneno yako." Kicheko kilikuwa kimekwisha. Kanali akainamia meza. "Jumamosi jenerali wao anakuja hapa. Tunatia saini miaka kumi mingine. Si nyama tu, mama. Mafuta ya ndege, karakana, matibabu, mafunzo. Unataka nisimame mbele ya jenerali nimwambie mkuu wangu wa ghala amenusa?"

"Nitamwambia mimi."

"Hutasema chochote. Utasaini hati ya mapokezi, mzigo utakwenda kwa kikosi kinachoondoka Jumatatu kwa mazoezi. Utachemshwa vizuri. Moto unaua kila kitu."

Kikosi kinachoondoka Jumatatu kilikuwa na askari mia tatu na arobaini. Mmoja wao, fundi wa redio, alikuwa binti yake wa kuzaa.

"Sisaini, afande."

"Basi niachie ofisi yangu. Na hicho kitu chako ondoka nacho."

Nyumbani alioga mara mbili. Alisugua mikono kwa sabuni ya kufulia, kisha kwa limau, kisha kwa majivu, mpaka ngozi ikamuwasha. Mume wake alikuwa fundi cherehani. Alifanya kazi barazani, na jioni ile alikuwa anamalizia sare za wanafunzi. Mama Mizani alikwenda akamwekea kiganja usoni.

"Nanuka?"

Mume alinusa kwa uangalifu, kama daktari. "Unanuka sabuni, limau na jiko."

"Tena?"

"Tena hakuna, mke wangu. Kaa ule."

Alikuwa amepika nyama. Masikini hakujua. Mama Mizani aliona mafuta yakielea juu ya mchuzi, akasukuma bakuli, akamwambia yote. Mume alizima cherehani na kusikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Usiposaini, watamtafuta atakayesaini," alisema.

"Najua. Hata jina lake nalijua."

"Mtoto je?"

Mtoto alipiga simu mwenyewe kabla giza halijaingia, amechangamka, nyuma yake wenzake wanacheka. "Mama, shikamoo! Safari hii tumeula. Tumeambiwa nyama kila siku, wala si yale maharage yenu!"

"Marahaba. Nisikilize. Usile nyama ya kopo lenye karatasi nyeupe. Hata kidogo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mama yako amesema."

Binti alicheka, akaahidi, akakata simu. Mama Mizani alibaki ameishika. Uso ulimwaka. Alikuwa amemwokoa mmoja kati ya mia tatu na arobaini, kimyakimya, kama mtu anayemfichia mwanawe kipande cha nyama chini ya wali huku watoto wa wenzake wakitazama. Nao wale wengine walikuwa na mama zao. Usiku hakumwambia mume wake, lakini siku ile alianza kuichukia kidogo hata nafsi yake.

Asubuhi ya Ijumaa hati ya mapokezi ilikuwa juu ya meza yake, nakala ya njano, imeshatiwa saini. Maboksi elfu moja na mia mbili. Hali: nzuri. Saini ilikuwa ya Kalamu. Mwenyewe alikuwa amesimama dirishani, amevaa shati lenye cheo kipya cha sajini, tepe zake bado zinameta kwa uzi mpya.

"Umeamkaje, mama," alisema bila kugeuka.

"Jana ulitapika mbele yangu."

"Nilitapika, ndiyo."

"Na leo umesaini."

Kalamu aligeuka. Macho yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulikuwa umeshajipanga. "Mke wangu anajifungua mwezi ujao, mama. Kanali aliniita. Aliweka kalamu pale na cheo pale. Na makontena yapo nje ya dirisha, harufu inaingia…"

"Ukafanyaje?"

"Nilibana pua."

Alisema kweli, na alisema kwa unyonge, na pengine ndiyo maana Mama Mizani hakuweza kumzaba kofi. Alitoka nje kabla hajasema neno ambalo lisingerudi.

Uani alimkuta meja mgeni, yule aliyewekwa na nchi yake kusimamia makubaliano. Alikuwa mrefu, mpole, amejifunza Kiswahili darasani hadi akazidi wenyeji kwa usafi. Nyuma yake malori matatu yalikuwa yanapakia viazi, vitunguu, mayai na nyama mbichi ya asubuhi ile kwa ajili ya meli zake. Azima mpya ilikuwa imeshaanza.

Mama Mizani alimwonyesha kopo, lile la muhuri. Meja aliinama akalitazama. Akalishika kwa vidole viwili, akaligeuza, akasoma zambarau na kijani na nyeupe.

"Bibi mheshimiwa," alisema, "hili ni jambo la fedheha. Ninasikitika kwa dhati."

"Basi zuia."

"Laiti ungeliniambia jana. Hati imekwisha kutiwa saini. Kifungu cha ishirini na moja: mpokeaji akishakiri hali ni nzuri, madai yamefungwa." Alimrudishia kopo lake. Kisha akatoa kichupa mfukoni, akajimiminia dawa ya kuua vijidudu mikononi, akasugua kidole kimoja kimoja kwa makini. "Hata hivyo nakushukuru kwa uaminifu wako. Ushirikiano wetu unahitaji watu mfano wako."

Mama Mizani alikuwa ametukanwa mara nyingi katika miaka ishirini na tisa ya jeshi. Hakuna tusi lililowahi kumchefua kama zile shukrani.

Jumamosi saa nne hema lilikuwa limeshasimamishwa mbele ya ghala, viti vimevishwa vitambaa. Makontena yalikuwa yamevutwa hadi nyuma ya karakana, mahali upepo hauleti habari. Mama Mizani aliamriwa apange piramidi la makopo juu ya meza kwa ajili ya picha, yale yasiyovimba tu, yafutwe yang'ae. Alitii. Aliyapanga ngazi saba. Chini kabisa, upande wake, nje kidogo ya piramidi, aliweka kopo moja aliloligonga kwa kucha na kulisikiliza. Sauti yake, ya kitu kibovu, alikuwa ameijua hata kabla ya kuligonga. Mfukoni mwa sare ya sherehe alikuwa na kopena ya kufungulia makopo.

Hotuba zilikwenda kama hotuba. Kanali alisema usawa mara tisa. Jenerali mgeni, mzee mwenye nywele za fedha na tabasamu la babu wa watu, alisema kupitia mkalimani kwamba rafiki wa kweli hujulikana mezani. Watu wakapiga makofi. Kisha akashuka kuikagua meza, wapiga picha wakimtangulia kinyumenyume.

Alipofika kwenye piramidi, Mama Mizani alipiga saluti, akachukua lile kopo la pembeni, akalitoboa.

Lilitoa pumzi kwanza, fyuuu, kama mtu anayelalamika usingizini. Halafu harufu ikaja. Mpiga picha wa mbele alishusha kamera. Mama mmoja wa wageni alijiziba kwa mtandio. Mama Mizani alizungusha kopena hadi mwisho, akainua kifuniko, akamsogezea jenerali kopo kwa mikono miwili kama mtu anayemkaribisha mgeni. Ndani mlikuwa na kitu cha kijivu chenye povu, na povu lilikuwa linapumua.

"Mheshimiwa jenerali," alisema, "hiki ndicho tulichorudishiwa. Na chini ya hii karatasi kuna muhuri wangu."

Jenerali hakuhitaji tafsiri. Tabasamu lilibaki palepale, lakini macho yalimgeukia kanali, yakasubiri.

"Hapana tatizo, mheshimiwa," kanali alisema haraka. "Ni harufu ya kawaida ya nyama iliyohifadhiwa. Watu wetu hawajaizoea tu."

Jenerali akasema neno moja, mkalimani akalileta kwa woga: "Anauliza, ni salama?"

Kamera zilikuwa zimeinuliwa tena. Kanali alinyoosha mkono kwenye meza ya chakula cha mchana, akachukua kijiko kinachometa, akalichukua kopo mikononi mwa Mama Mizani.

Hapo ndipo Mama Mizani alipoelewa mtu huyu anataka kufanya nini, akashikwa na hofu ya kweli. "Afande, usile," alimnong'oneza. "Nakuomba. Nilitaka wanuse tu."

Kanali alichota. Kijiko kilitoka kikivuta uzi mrefu. Akatia mdomoni, akafunga midomo, akatafuna. Kila mtu aliona kikoromeo kikipanda, kikagoma, kikashushwa kwa nguvu. Machozi yalimjaa. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Akachota cha pili, nacho akakila.

"Tamu," alisema.

Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi, wengine wakafuata, na jenerali naye akapiga, taratibu, kwa vidole vya glavu nyeupe. Mama Mizani alisimama wima katikati ya makofi yale huku mikono yake inanuka. Katika maisha yake alikuwa ameona panya ndani ya unga na nondo ndani ya maziwa ya unga, lakini hajawahi kuona kitu kichafu kama watu wazima, waliovaa vizuri, wakishangilia mtu anayemeza uozo. Nao walijua. Wote walikuwa na pua.

Mkataba ulitiwa saini nusu saa baadaye. Jenerali hakuligusa lile kopo.

Jumapili alfajiri kanali aliamka akiona kila kitu viwili. Hadi adhuhuri ulimi wake ulikuwa mzito na hakuweza kumeza mate, wakamkimbiza hospitali ya jeshi. Mama Mizani alikwenda kumwona Jumanne mchana, ingawa mume wake alimwambia si lazima. Alijiona ana sehemu yake katika jambo lile. Kopo alilifungua yeye.

Mke wa kanali alikuwa mlangoni mwa wodi, hajalala siku mbili, kitenge kimefungwa ovyo. "Dada," alimshika mkono, "wewe ndiye mtu wa chakula. Mlimlisha nini mume wangu?"

"Hakuna aliyemlisha, shemeji. Alikula mwenyewe. Nilimkataza."

"Kwa nini basi ale?"

Mama Mizani alimkazia kitenge kiunoni. Akaingia ndani. Kanali alikuwa amelazwa, mpira puani, kope zimemwangukia nusu. Yale mashavu ya kunyolewa kila siku yalikuwa yameota vinyweleo vyeupe. Alipomtambua aligonga kitanda kwa kidole: sogea. Mama Mizani aliinama. Alidhani ataombwa radhi, au atatukanwa. Kwa vyote viwili alikuwa tayari.

Sauti ilitoka kama hewa ya tairi. "Jenerali… alisemaje?"

"Afande?"

"Baada… ya mimi kula. Alifurahi?"

Mama Mizani alijinyoosha. Huruma aliyokuja nayo ilimtoka yote kwa mara moja, akabaki na kinyaa kitupu, baridi, hakina hata hasira ndani yake. "Alipiga makofi, afande," alisema. Kanali akafumba macho, ameridhika. Mama Mizani akatoka.

Kanali alipona baada ya wiki tano. Lakini kwa kuwa aliyeugua alikuwa kanali, daktari mkuu aliagiza makopo yapimwe. Mgonjwa angekuwa kuruta angepewa vidonge viwili na kurudishwa zamu. Majibu yalikuja Jumatano: sumu. Kikosi kilichoondoka Jumatatu kilikuwa kimefika kikiwa na maharage badala ya nyama, kwa sababu Mama Mizani Jumapili, mkubwa wake akiwa kitandani, alipakia magunia ya maharage kwenye malori kwa amri yake mwenyewe, bila karatasi ya mtu. Maboksi yote yakafukiwa nyuma ya uwanja wa shabaha, katika mashimo matatu, yakamwagiwa mafuta machafu ili asitokee wa kuyafukua. Binti alipiga simu kulalamika kwamba wamedanganywa, ni maharage asubuhi na jioni. Mama yake alimsikiliza kwa furaha kubwa.

Halafu, mwezi uliofuata, ripoti ikatoka. Mama Mizani aliisoma akiwa amesimama. Ilisema shehena ilipokelewa ikiwa katika hali nzuri, kama hati inavyothibitisha, na iliharibika ikiwa mikononi mwa ghala namba saba kutokana na uzembe wa uhifadhi. Uhusiano na mshirika haukuathirika. Iliambatanishwa na barua nyingine, fupi, ya kumstaafisha mapema kwa manufaa ya jeshi, pamoja na shukrani kwa utumishi wake na moyo wake wa ushirikiano.

Alimkabidhi ofisi Kalamu. Ilichukua asubuhi nzima, maana alimpitisha kila rafu na kila mzani, akimweleza upi unadanganya kidogo siku za mvua. Kalamu alikuwa amepata mtoto wa kike. Mwishoni alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mama, naomba unisamehe."

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

"Mlee." Alimwekea funguo mezani, hakumpa mkononi. "Msamaha siwezi kukupa leo, nikisema nimekupa nitakuwa nimekuongopea. Bado nakunusa. Labda itaisha."

Kalamu aliinamisha kichwa. Nje malori ya wageni yalikuwa yamepanga foleni tena, na mtu alikuwa anaita majina ya mboga kwa sauti.

Langoni askari wa zamu, msichana aliyeajiriwa mwaka ule, alimwona mama mzee wa kambi anakuja na begi lake, akainua kizuizi upesi na kupiga saluti. "Pita tu, mama. Wewe tena!"

Mama Mizani alisimama. Aliweka begi juu ya meza ya ukaguzi, akafungua zipu hadi mwisho: kanga mbili, viatu, kikombe, miwani ya akiba.

"Kagua," alisema. "Usimwangalie mtu usoni. Angalia ndani."

Yule msichana akakagua, kitu kimoja kimoja, hadi chini. Mama Mizani akamsubiri amalize.